Keynes, bwana wa hesabu aliyeuliza mzigo wa deni ubebwe na nani

Kumbuka Juni 2024. Labda ulikuwa katikati ya jiji la Nairobi ukikimbia vitoa machozi, labda ulikuwa nyumbani macho yakiwa kwenye simu. Mswada wa Fedha ulikuwa umewatoa vijana majumbani, na kwenye mabango, kando ya majina ya wanasiasa, kulikuwa na herufi tatu: IMF. Shirika la Fedha Duniani. Malalamiko yalikuwa kwamba nchi ikizidiwa na madeni, anayekamuliwa ni yule anayenunua unga na mkate, huku aliyekopesha akisubiri tu alipwe.

Sasa nikuambie kitu ambacho huenda hukufundishwa shuleni. Mmoja wa watu wawili waliochora ramani ya shirika hilo alikuwa na malalamiko yayo hayo. Alitaka mkopeshaji naye abebe sehemu ya mzigo. Alishindwa. Anaitwa John Maynard Keynes, na jina hilo hutamkwa Keinzi, usije ukaaibika mbele ya mwalimu wa uchumi.

Alizaliwa Juni 5, 1883 mjini Cambridge, Uingereza. Usitarajie hadithi ya mtoto aliyesoma kwa mwanga wa koroboi. Baba yake, John Neville, alikuwa mhadhiri. Mama yake, Florence, alikuja kuwa meya wa mji huo mwaka wa 1932. Kijana akasomea Eton kwa ufadhili, shule ya watoto wa mabwanyenye, kisha mwaka wa 1902 akaingia King's College kusomea hisabati.

Mwaka wa 1906 alifanya mtihani wa kuajiriwa serikalini akawa wa pili nchini. Usicheke: uchumi lilikuwa miongoni mwa masomo aliyopata alama za chini, naye akanung'unika kwamba waliosahihisha walijua machache kumliko. Wa kwanza alikuwa jamaa anayeitwa Otto Niemeyer, ambaye alijichagulia Wizara ya Fedha. Keynes akabaki na ofisi iliyoshughulikia India. Lishike jina la Niemeyer, tutakutana naye mbele.

Kazi yake ya kwanza ofisini ilikuwa kupanga safari ya fahali wachanga 10 kwa meli hadi Bombay. Baada ya miaka miwili alichoka, akarudi Cambridge kufundisha. Hata hivyo India haikumtoka kichwani, na kitabu chake cha kwanza, kilichotoka 1913, kilihusu rupia. Hiyo rupia si ngeni kwetu. Ndiyo iliyowalipa vibarua wa reli kutoka Mombasa, na ilitumika huku hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, kabla ya shilingi kuchukua nafasi yake. Keynes aliichambua sarafu hiyo kwa ustadi mkubwa bila kuikanyaga India hata siku moja, na haikumsumbua kwamba wenye nchi hawakuulizwa lolote kuhusu pesa yao. Katika hilo alikuwa Mwingereza wa enzi zake, basi.

Shida ya kwanza kubwa ilimkuta mwaka uliofuata. Jumapili, Agosti 2, 1914, vita vikinukia kote Ulaya. Soko la hisa la London limefungwa. Watu wanapanga foleni kubadilisha noti wapewe dhahabu. Benki Kuu ya Uingereza imepandisha riba hadi asilimia 10. Afisa mmoja wa Wizara ya Fedha alikuwa amemwandikia Keynes barua akimwomba ushauri, na kijana huyo wa miaka 31 hakutaka kusubiri. Akamwendea shemeji yake, A. V. Hill, aliyekuwa na pikipiki yenye kigari cha pembeni, akajikunja ndani ya kigari hicho hadi London.

Alikuta mabenki yakitaka serikali isimamishe kubadilisha noti kwa dhahabu. Keynes aliandika waraka akipinga. Hoja yake ni rahisi kuielewa ukiwa mwanachama wa chama chochote cha kuweka akiba. Akiba ya dharura imewekwa kwa ajili ya dharura. Siku shida inapobisha hodi ndipo unaitoa, tena mbele ya macho ya watu, ili wote watulie. Mweka hazina akifunga sanduku siku hiyo, kesho nani atampelekea hela tena? David Lloyd George, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishawishika, na dhahabu ikaendelea kutoka.

Januari 1915 wakamwajiri kabisa. Kufikia mwisho wa vita ndiye aliyekuwa akisimamia mikopo ya nje ya Uingereza, na alichokiona kilimtia hofu. Uingereza ilikuwa inadaiwa na Marekani. Yenyewe ilikuwa inawadai Ufaransa, Italia na Urusi. Hao nao hawakuwa na kitu. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake, na wote wakamgeukia Mjerumani aliyeshindwa.

Kwa hiyo Januari 1919 tunamkuta Keynes jijini Paris, akiiwakilisha Wizara ya Fedha kwenye mazungumzo ya amani. Swali lililokuwa mezani: Ujerumani ilipe kiasi gani? Wanasiasa walikuwa wamewaahidi wapigakura kwamba Mjerumani angekamuliwa hadi tone la mwisho. Keynes akapiga hesabu yake, akapata kwamba angeweza kulipa pauni bilioni 2 hivi. Nchi hulipa deni la nje kwa kuuza vitu nje. Sasa wewe unachukua makaa yake ya mawe, unachukua meli zake, unachukua makoloni yake (hivyo ndivyo Tanganyika ilivyotoka mikononi mwa Mjerumani ikaingia kwa Mwingereza), halafu hutaki kununua bidhaa zake. Alipe na nini?

Akapendekeza jambo jingine ambalo lilikuwa chungu zaidi kwa wakubwa. Washirika wasameheane madeni ya vita wenyewe kwa wenyewe, Marekani iwasamehe Waingereza, Waingereza wawasamehe Wafaransa, ili presha ya kumkamua Mjerumani ipungue. Wamarekani walikataa katakata.

Hapo ndipo alipofanya kitu ambacho wafanyakazi wengi wa serikali hukiota tu. Juni 1919, wiki chache kabla ya mkataba kutiwa sahihi Versailles, aliandika barua ya kujiuzulu akaondoka. Akajifungia mashambani kwa marafiki zake wachoraji, akaandika kitabu majira hayohayo ya joto. Kilichapishwa Desemba, kikauza zaidi ya nakala 100,000 na kutafsiriwa kwa lugha nyingi. Kilisema kwamba amani iliyojengwa juu ya deni lisilolipika ingezaa balaa jingine. Mwaka wa 1921 washindi walimwandikia Mjerumani hesabu ya alama za dhahabu bilioni 132, zaidi ya mara tatu ya makadirio ya Keynes. Wapo wanahistoria wanaosema alimwonea Mjerumani huruma kupita kiasi, na kwamba wakubwa wa Berlin wangeweza kulipa zaidi kama wangetaka. Lakini kuhusu balaa, hakuna anayebisha.

Usidhani mtu huyu alikuwa mtakatifu wa vitabu. Alipenda pesa. Baada ya kujiuzulu alianza kucheza na sarafu za nje, akiwa na uhakika kwamba pesa za Ujerumani, Ufaransa na Italia zingeporomoka. Kama umewahi kubeti ukiwa na uhakika unajua kinachofuata. Mwaka wa 1920 sarafu hizo zilipanda kwa muda mfupi, na muda huo mfupi ulitosha kumfagia, yeye pamoja na marafiki waliokuwa wamempa hela zao awazalishie. Zilikuja kuporomoka kweli, ila yeye alikuwa tayari ameshafilisika. Ilimbidi akakope pauni 5,000 kutoka kwa tajiri Ernest Cassel ndipo asimame tena. Kwa hiyo aliyeandika kuhusu wadeni alijua jinsi simu ya mdai inavyosikika.

Songa mbele hadi 1925. Waziri wa Fedha ni Winston Churchill, na wakubwa wa London wanataka pauni irudi kwenye mfumo wa dhahabu kwa thamani ileile ya kabla ya vita, dola 4.86 kwa pauni moja. Ilikuwa suala la heshima. Na unamjua mmoja wa maafisa waliomsukuma Churchill akubali? Otto Niemeyer, yule namba moja wa mtihani wa 1906.

Keynes alipinga kwa nguvu zote. Thamani hiyo ilikuwa juu kwa takriban asilimia 10 kuliko hali halisi. Maana yake, makaa ya mawe ya Uingereza yalipanda bei ghafla machoni pa mnunuzi wa nje. Ili yauzike, bei ilibidi ishuke. Ili bei ishuke, mishahara ilibidi ikatwe. Mchimba migodi, ambaye hakuwa na habari na mambo ya dhahabu, ndiye aliyetakiwa kugharimia heshima ya mabenki. Wamiliki wa migodi walidai kweli wafanyakazi wapokee kidogo na kufanya kazi saa nyingi zaidi. Wakagoma. Mei 1926 vyama vya wafanyakazi vya nchi nzima viliwaunga mkono kwa siku tisa, kisha vikakata tamaa. Wachimba migodi waliendelea peke yao miezi kadhaa, hadi njaa ikawarudisha chini ya ardhi kwa masharti ya matajiri.

Mwaka huohuo wa 1925, mwezi wa Agosti, alimwoa Lydia Lopokova, mcheza baleti kutoka Urusi. Marafiki zake wasanii walishangaa, maana mapenzi yake ya awali yalikuwa na wanaume, akiwemo mchoraji Duncan Grant. Ndoa hiyo ilidumu hadi kifo, na bila Lydia sidhani kama tungekuwa na nusu ya pili ya hadithi hii.

Oktoba 1929 soko la hisa la New York liliporomoka. Je, mtaalamu wetu aliona likija? Wapi! Kufikia mwisho wa mwaka huo alikuwa amepoteza zaidi ya robo tatu ya mali yake. Ninakuambia hili ili ujue kwamba fikra zake kuhusu mdororo hazikutokana na uwezo wa kutabiri. Zilitokana na kuutazama ukitokea.

Na ulikuwa wa kutisha. Nchini Marekani, kufikia 1933, mtu mmoja kati ya wanne waliotafuta kazi hakuwa nayo. Uingereza ilikuwa na karibu watu milioni 3 wasio na ajira. Wakubwa wa Wizara ya Fedha walikuwa na jibu lililosikika kama la busara: mapato yamepungua, tupunguze matumizi. Kila pauni ambayo serikali ingekopa kuajiri watu, walisema, ingekuwa imenyakuliwa kutoka kwa mfanyabiashara. Mshahara ukishuka vya kutosha, waajiri wataajiri. Tusubiri.

Keynes hakusubiri. Januari 1931 alizungumza redioni akawasihi akina mama wa nyumbani waende madukani wakanunue shuka na taulo zilizokuwa zimeshuka bei, kwa sababu kila walichoacha kununua kilimwachisha mtu mwingine kazi. Watu walimwona kama amechanganyikiwa. Wewe umelelewa ukiambiwa kuweka akiba ni adabu, halafu msomi anakuja kukwambia akiba yako inamfukuza jirani kazini?

Mwaka huohuo serikali ilichukua njia ya kinyume. Posho ya wasio na kazi ilikatwa kwa asilimia 10. Walimu wakakatwa mishahara. Wanamaji nao walipotangaziwa makato, baadhi yao waligoma kutii amri katika bandari ya Invergordon katikati ya Septemba, na siku chache baadaye, Septemba 21, 1931, Uingereza iliachana na dhahabu kwa sababu ilikuwa imeishiwa. Makato yote yale hayakuiokoa pauni. Waliotabiri maangamizi walipigwa na butwaa: pauni ilishuka, bidhaa za Uingereza zikauzika kwa urahisi zaidi, riba ya Benki Kuu ikateremka hadi asilimia 2 mwaka wa 1932, na mafundi wakaanza kujenga nyumba tena.

Ni katika miaka hiyo Keynes aliandika kitabu kilichombadilishia jina kutoka mtu hadi nadharia. Kilitoka Februari 1936, kikauzwa shilingi 5 za Uingereza, bei ya chini kwa kitabu kikubwa namna ile, kwa kuwa alitaka wanafunzi wamudu. Ni kigumu kusoma, nisikudanganye. Ila kiini chake unaweza kukielewa ukiwa kwenye matatu.

Fikiria mtaa wenu. Kiwanda cha jirani kinafunga, watu wanaingiwa na hofu. Kila mmoja anaamua kubana matumizi. Mama mboga anakosa wateja, anaacha kupanda bodaboda. Mwenye bodaboda anaacha kupeleka viatu kwa fundi. Fundi anaacha kununua mboga. Kila mmoja amefanya uamuzi wa busara nyumbani kwake, na kwa pamoja wameumaliza mtaa. Matumizi ya huyu ndiyo mapato ya yule. Wakati kama huo, alisema Keynes, serikali ikijibana pia itakuwa inamwaga maji kwenye moto uliokwisha kuzimika, wakati watu wanataka kupika. Inafaa ikope na kutumia: ijenge barabara, nyumba, mitaro. Mshahara wa mchimba mtaro utamfikia mama mboga, kisha bodaboda, kisha fundi. Mwanafunzi wake, Richard Kahn, ndiye aliyeonyesha mwaka wa 1931 jinsi ya kupiga hesabu ya mzunguko huo.

Na benki kuu je? Si ipunguze tu riba mambo yaishe? Keynes alitaka riba ishuke, lakini alijua mipaka yake. Hofu ikiwa kubwa, watu watakumbatia pesa taslimu hata riba iwe ndogo namna gani. Nani atakopa kufungua duka ambalo halitapata mteja? Hapo ndipo bajeti ya serikali inapolazimika kufanya kazi ambayo riba peke yake haiwezi.

Uliona hayo kwa macho yako mwaka wa 2020, hata kama jina la Keynes halikutajwa. Corona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya ilishusha riba yake kutoka asilimia 8.25 hadi 7.25 mwezi Machi, kisha 7 mwezi Aprili. Ushuru wa VAT ukapunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Wenye mshahara usiozidi Sh24,000 kwa mwezi wakaondolewa kodi ya mapato. Kisha ukaja mpango wa Kazi Mtaani, vijana wakashika fagio na majembe kusafisha mitaro mitaani kwao na kulipwa. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu malipo yale na waliochaguliwa. Lakini wazo lilikuwa limetoka Cambridge, miaka 80 na ushei nyuma. Januari 1, 2021 VAT ilirudi asilimia 16.

Kuna jambo jingine ambalo wanaopenda kumtaja Keynes hulisahau kwa makusudi. Mwaka wa 1940, Uingereza ikiwa vitani tena, viwanda vilikuwa vimejaa kazi na tatizo lilikuwa kinyume: pesa nyingi mifukoni, bidhaa chache, bei zikipanda. Keynes yuleyule akaandika kijitabu akitaka kodi zipande na sehemu ya mishahara izuiliwe kama akiba ya lazima, irudishwe baada ya vita. Bajeti ya 1941 ilifuata sehemu ya mawazo hayo. Yaani wakati wa ukame unatumia, wakati wa mavuno unarudisha. Mwanasiasa anayekopa kila mwaka, masika na kiangazi, kisha akajificha nyuma ya Keynes, amesoma nusu ya kitabu.

Kabla hujamfanya shujaa, jua na hili. Kuanzia 1937 hadi 1944 alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wa chama kilichoamini kwamba kizazi cha binadamu kinapaswa kuboreshwa kwa kupanga nani azae na nani asizae. Fikra hizo ziliwatesa wengi duniani, na kwa mtu mwenye akili kama yake sioni pa kumtafutia udhuru.

Mei 1937 moyo wake ulimwangusha. Kuanzia hapo Lydia aliacha mengi akawa nesi, mlinzi na saa yake: alale saa hii, mgeni huyu aondoke, barua hii isubiri. Hivyo ndivyo alivyoweza kurudi Wizara ya Fedha mwaka wa 1940, bila mshahara, na kuanza kuwazia dunia ya baada ya vita.

Wazo lake lilikuwa hili. Nchi zote ziwe na benki moja ya kulipana, yenye sarafu ya hesabu aliyoiita bancor. Nchi inayonunua kuliko inavyouza itaingia kwenye deni na kutozwa. Hapo hakuna jipya. Jipya ni kwamba nchi inayouza tu bila kununua, ikarundika akiba kupita kiwango, nayo itozwe. Kwa sababu hakuna mdeni asiye na mdai, na mtu mmoja akikusanya pesa zote za mezani, mchezo unakufa kwa wote. Mdai ama anunue bidhaa za wenzake, ama awekeze kwao, ama alipe faini.

Tatizo ni kwamba mdai wa dunia wakati ule alikuwa mmoja tu, Marekani. Mwakilishi wake, Harry Dexter White, hakuwa na sababu ya kukubali kujitoza faini. Julai 1944 wajumbe wa mataifa 44 walikutana katika hoteli moja kule Bretton Woods, milimani New Hampshire, na mpango uliopita ulikuwa wa White kwa sehemu kubwa. Likazaliwa Shirika la Fedha Duniani, na ndugu yake Benki ya Dunia. Nchi ingekuwa na kura kulingana na mchango wake. Mwenye deni angepewa masharti. Mwenye akiba angeachwa. Hadi leo Marekani ina kura za kutosha kuzuia peke yake maamuzi makubwa ya shirika hilo.

Afrika iliwakilishwa na Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, basi. Sisi tulikuwa koloni. Kenya ilijiunga na IMF Februari 1964, ikakuta meza imepangwa na viti vimegawanywa.

Keynes alizidiwa na moyo hotelini siku za mwisho za mkutano, lakini akarudi Uingereza akiutetea mpango ule, akisema kitu kidogo ni afadhali kuliko kurudi miaka ya 1930. Nadhani aliamini. Pia nadhani hakuwa na la kufanya.

Kisha zamu yake ya kuomba ikafika. Agosti 1945, Japani iliposalimu amri, Marekani ilikata ghafla msaada wa vita uliokuwa ukiilisha Uingereza. Septemba, akiwa mgonjwa, Keynes alitumwa Washington kuomba. Alikwenda akitumaini kupata zawadi, au angalau mkopo usio na riba, kwa kuwa nchi yake ilikuwa imepigana peke yake kwa muda. Wamarekani walimsikiliza kwa adabu. Baada ya miezi mitatu alitoka na mkopo wa dola bilioni 3.75 kwa riba ya asilimia 2, pamoja na sharti kwamba pauni iruhusiwe kubadilishwa kwa dola bila vizuizi ndani ya muda mfupi. Sharti hilo lilipotekelezwa Julai 1947, dola zilitoroka kwa kasi hivi kwamba lilisimamishwa baada ya wiki tano.

Na hapa kuna kinaya ambacho Waafrika na Wahindi hawapaswi kukiruka. Wakati wa vita Uingereza ilikuwa imechukua bidhaa na huduma kwa mkopo kutoka India, Misri na makoloni yake, ya Afrika Mashariki yakiwemo, na pesa hizo zilikuwa zimeandikwa tu vitabuni London. Keynes alitaka sehemu ya deni hilo ifutwe. Mtu aliyesema mdai abebe mzigo alikuwa mkweli kwa kanuni yake, sawa. Ila safari hii wadai aliotaka wabebe walikuwa maskini kuliko mdeni.

Machi 1946 alivuka bahari tena, kwenye mkutano wa Savannah, Georgia, wa kuanzisha rasmi mashirika yale mawili. Aliomba makao yao yasiwe Washington, karibu mno na wanasiasa wa Marekani. Yawe New York. Wakakataa. Akiwa kwenye treni ya kurudi alianguka tena. Alifika nyumbani Tilton, kusini mwa Uingereza, na asubuhi ya Jumapili ya Pasaka, Aprili 21, 1946, akafariki akiwa na miaka 62. Hakuwa na mtoto. Baba na mama yake, wote wawili, walikuwa bado hai, wakahudhuria ibada yake jijini London.

Lydia aliishi hadi 1981. Mkopo ule wa Washington uliishi zaidi yake. Uingereza ililipa kwa awamu, ikaomba kuahirisha mara kadhaa, na hundi ya mwisho kwa Marekani, karibu dola milioni 83, ilitoka mwishoni mwa Desemba 2006.